Chepngeno Anajifunza Kuondoka

Nimefundisha shule moja ya msingi nje kidogo ya Kaplong kwa miaka ishirini na mmoja, na katika miaka hiyo yote nimemwona mtoto mmoja tu aliyefeli kwa makusudi. Wengine hufeli kwa sababu hawakusoma, au kwa njaa, au kwa sababu sisi walimu tuliwafundisha vibaya. Chepngeno alifeli kwa bidii.

Niligundua nikisahihisha mtihani wa majaribio wa darasa la nane, mwaka wa 2015. Karatasi ya hesabu ilikuwa na maswali hamsini. Chepngeno alikuwa amejibu ishirini ya kwanza, yote sawasawa, kisha akaacha. Nikaitafuta karatasi yake ya sayansi. Ishirini, yote sawa, halafu weupe mtupu. Kiingereza, hivyo hivyo.

Nikamwita baada ya chakula cha mchana. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko wenzake, na alisimama amekunja mabega kama mtu anayetaka kurudi kimo cha mwaka jana.

"Muda ulikuishia?" nikamuuliza.

"La, Madam."

"Maswali yalikuwa magumu?"

"La, Madam."

"Basi ni nini?"

Akaangalia viatu vyake. "Ukipita sana unaitwa shule ya bweni, mbali. Nimepiga hesabu, Madam. Ukijibu ishirini katika kila karatasi, unabaki."

"Unabaki wapi?"

"Nyumbani."

Nikamkaripia kidogo, naye akaahidi kwamba mtihani wenyewe atajibu yote. Hakujibu. Matokeo yalipokuja alikuwa na alama mia mbili na tatu kati ya mia tano, na mtoto aliyekuwa akishika mkia darasani kwetu alimpita. Baba yake alikuja shuleni akiwa bado na koti lake la kazi, akiomba kwa upole binti yake arudie darasa. "Pengine hakuwa tayari," alisema.

Mimi nilijua ukweli na nikanyamaza. Nitawaeleza ni kwa nini, maana kosa hilo ni langu. Mimi ni Mgusii, naitwa Mongina, na nilitoka Nyamira nikiwa na miaka ishirini na miwili kuja kuolewa huku. Nililia tangu kwetu mpaka Sotik. Kwa hiyo nilipomwona mtoto anayependa nyumbani kiasi hicho, nikasema moyoni, mwacheni. Akarudia darasa, akapita vizuri bila kujizuia, kwa kuwa safari hii alikuwa amemwomba baba yake mapema ampeleke sekondari ya kutwa, mwendo wa dakika ishirini kutoka mlangoni kwao. Alikuwa ameshinda. Nami nilimsaidia kushinda.

Baba yake anaitwa Jonah. Aliendesha lori la majani kwa miaka ishirini na miwili, lile linalopita vituo vya wakulima wadogo wadogo kuchukua chai mbichi kuipeleka kiwandani. Mvua ikinyesha, barabara zetu huwa sabuni. Madereva wengine huacha lori katikati ya kilima wakaenda kutafuta trekta. Jonah alishuka, akafunga minyororo kwenye magurudumu, akapanda polepole, na majani hayakulala njiani. Mke wake, Janeffer, alichuna chai yao ya ekari moja na kukamua ng'ombe wawili. Chepngeno alikuwa mtoto wao wa pekee aliyebaki nyumbani. Kaka zake wawili walikuwa wameshaoa na kuhamia kwao.

Mwaka ule wa korona ulichelewesha mtihani wa kidato cha nne, ukafanywa mwezi wa tatu mwaka uliofuata. Chepngeno akapata alama ya B ya kutoa, na akaitwa chuo cha ufundi huko Eldoret kusomea mitambo. Yeye mwenyewe ndiye aliyejaza jina la kozi hiyo, maana tangu utotoni alikuwa akikaa na baba yake chini ya lori akimpa spana. Tarehe ya kuripoti ilikuwa Jumatatu moja ya mwezi wa tisa.

Mwezi wa saba, buti la mpira lilimchubua Jonah kisigino. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na alijua, lakini msimu ulikuwa wa majani mengi. Alifunga kitambaa akaendelea kukanyaga klachi kwa wiki tatu. Alipofikishwa hospitalini mguu ulikuwa umeshakuwa mweusi mpaka kwenye kifundo. Madaktari walimwokoa yeye, mguu wakaukata chini ya goti.

Chepngeno hakuondoka wodini siku zile. Baba yake aliporudi nyumbani, yeye ndiye aliyeosha kidonda, akabadilisha bendeji, akapika kimyet, ugali wa wimbi usiomdhuru, akamshika mkono kwenda chooni. Wiki ya tatu akamwambia mama yake kwamba hataenda chuo tena. Nani angemwangalia Baba?

Habari hiyo ikafika kanisani. Mchungaji akamwita mbele, akasema vijana wa siku hizi wamwige huyu. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Lakini mikono yangu ilikuwa bado inapiga nilipomwona Chepngeno usoni. Hakuwa na uso wa mtu aliyejinyima kitu. Alikuwa na uso ule ule wa siku alipoachiwa arudie darasa la nane.

Nikaenda nyumbani nisiweze kula. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nikamwambia mume wangu kwamba ninaenda kwa Jonah kutoa kitu nilichokificha miaka sita.

Nilimkuta Jonah ameketi kibarazani, kisiki cha mguu kimewekwa juu ya kigoda. Janeffer akanipa kiti na kikombe cha chai. Chepngeno alikuwa akikunja bendeji safi. Alinisalimia kwa furaha, na nilijua kwamba baada ya dakika chache hatanipenda tena.

"Baba Chepngeno," nikasema, "nina jambo la zamani. Unakumbuka mwaka ule binti yako alipofeli?"

"Nakumbuka."

"Hakufeli. Aliacha maswali thelathini katika kila karatasi, ili asipelekwe mbali. Mimi nilijua, sikukwambia. Naomba unisamehe."

Chepngeno akasimama. Bendeji ikaanguka. "Madam! Hiyo ilikuwa siri yetu!"

"Ilikuwa siri mbaya," nikamjibu.

Jonah hakupandisha sauti. Ni mtu wa kusema machache hata katika Kipsigis, na katika Kiswahili ndiyo kabisa. Alimgeukia binti yake.

"Ni kweli?"

"Nilikuwa mtoto, Baba."

"Wakati ulikuwa unaacha hiyo karatasi, mimi nilikuwa na miguu yangu miwili. Wakati huo ulikuwa unauguza nani?"

Janeffer aliweka birika chini. Chepngeno akaketi pale pale sakafuni na kuanza kulia, kilio cha mtoto mdogo, cha kukata pumzi. Na katika kilio hicho ndipo tuliposikia jambo ambalo hata mama yake hakujua kwamba lilikuwa bado linamuumiza.

Alipokuwa na miaka sita, alipelekwa Sigor kwa shangazi yake Rodah wakati wa likizo. Alikaa wiki moja. Aliporudi alikimbia moja kwa moja kwenye nyumba ya nyanya yake, aliyemwita Kogo, ambaye ndiye aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja. Mlango ulikuwa umefungwa kwa waya. Kogo alikuwa amekufa siku ya pili ya likizo na ameshazikwa. Watu wazima waliona afadhali mtoto asiambiwe.

"Nikienda," alisema, "nikirudi kuna kitu hakipo. Nikikaa, kila kitu kinakaa."

Janeffer alijifunika uso kwa kanga. Ni yeye aliyeamua wakati ule mtoto asiitwe.

Jonah akaichukua ile bendeji iliyoanguka, akaipangusa vumbi, akaiweka kwenye paja lake. "Chepngeno. Siku walikata hii mguu, ulikuwa wapi?"

"Hospitalini. Mlangoni."

"Ulikuwa umeshika mlango wa wodi kwa mikono yote miwili, nesi aliniambia. Ulikaa, na mguu ulienda. Kukaa kwako haikuzuia." Akavuta pumzi. "Mimi sikatai unipende. Lakini usinifanye kisingizio. Nitabeba sukari, nitabeba mguu, hiyo sitabeba."

Chepngeno akanitazama, macho mekundu. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akauliza, "Zimebaki siku ngapi kabla ya kuripoti?"

"Kumi na tano," nikasema. Nilikuwa nimezihesabu njiani.

Sasa sikilizeni alivyofanya, kwa maana hiki ndicho kinachonifanya nisimulie habari zake. Hakungoja woga uishe. Aliuendea kama mkimbiaji anavyouendea mlima, kidogo kidogo kila siku, kwa saa maalumu.

Siku ya kwanza alitembea mpaka Kaplong, akazima simu, akaketi kwenye benchi nje ya duka la mbolea kwa saa nne bila kufanya lolote. Aliniambia kwamba saa ya pili alisimama mara tatu ili arudi nyumbani, na kila mara akaketi tena. Mwenye duka akamuuliza kama anangoja mtu. Akajibu, "Ninangoja saa saba." Saa saba ilipofika akarudi nyumbani, akakagua: baba yupo, mama yupo, ng'ombe wawili na ndama mmoja wapo. Siku ya pili akaenda Sotik. Siku ya nne akaenda Bomet, akashinda huko mpaka jioni. Kila mara simu imezimwa, na kila mara akirudi anakagua.

Huku nyumbani, Jonah naye alikuwa na kazi yake. Kwa kuwa binti hayupo mchana, ilimbidi ajifunge bendeji mwenyewe. Mara ya kwanza ilichukua saa nzima na ilikuwa imekaa kama kilemba. Yale magongo aliyopewa hospitalini, ambayo yalikuwa yameegemezwa nyuma ya mlango tangu siku ile, akaanza kuyatumia. Alianguka mara mbili katika wiki moja, na Janeffer akaapishwa asimwambie mtu.

Siku ya nane Chepngeno akafunga nguo zake akaenda Sigor, kulala kwa Shangazi Rodah siku tatu. Alikuwa hajakanyaga huko tangu alipokuwa na miaka sita. Asubuhi ya pili alitoka na mkoba wake, amevaa viatu, amefika mpaka kwenye lango.

"Unaenda wapi mapema hivi?" Rodah akamuuliza.

"Nyumbani, Shangazi. Kuna kitu kimetokea, nasikia moyoni."

"Umepigiwa simu?"

"Simu nimezima."

Rodah ni mwanamke wa kazi, hana muda wa kubembeleza. "Basi kama kimetokea kimetokea. Njoo unishikie huyu ng'ombe nimpake dawa ya kupe."

Chepngeno aliniambia kwamba alisimama pale langoni mpaka jua likampiga usoni. Kisha akaweka mkoba chini, akaenda akamshika ng'ombe. Akamaliza siku zake tatu.

Na aliporudi, kulikuwa na kitu ambacho hakikuwepo. Ndama alikuwa amekufa kwa ndigana, homa ya kupe, siku ile ile ya pili.

Niliposikia nilishika kichwa. Nikasema, basi, yote yamebomoka, mtoto huyu hataondoka tena maishani mwake. Nikaenda mbio kwao. Nilimkuta nyuma ya boma, ametazama pale mahali walipomfukia, udongo mwekundu bado mbichi. Alikuwa amelia, lakini alikuwa amemaliza.

"Madam," akaniambia, "nilijua itakuwa hivi."

"Pole sana, mama."

"Baba alimwita daktari wa mifugo. Alidungwa sindano. Ningekuwa hapa ningefanya nini zaidi?" Aliuliza kama mtu anayetaka jibu kweli. Nami nikamjibu kweli.

"Hakuna."

Akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, polepole. "Wameniambia papo hapo nilipofika langoni. Hawakunificha. Mama alinishika mkono akanileta hapa nione." Kisha akageuka kuelekea nyumbani. "Zimebaki siku nne. Nahitaji sanduku, na sijui ovaroli zinauzwa wapi."

Jumatatu ile aliondoka akiwa na sanduku la bati la kaka yake. Jonah alitembea kwa magongo mpaka barabarani, mwendo wa mita mia mbili hivi, jasho likimtiririka, na alipofika hakuwa na pumzi ya kusema neno lolote la kuaga. Alimpa mkono tu, kama wanaume wanavyosalimiana. Janeffer ndiye aliyesema yote, pamoja na sala.

Nisiwadanganye kwamba huko Eldoret mambo yalikuwa mepesi. Katika darasa la watu thelathini na wanane wasichana walikuwa watatu. Wiki ya tatu alinipigia simu saa kumi jioni. Nikasikia sauti ya magari.

"Madam, nimefunga sanduku. Niko langoni mwa chuo. Nimeshindwa."

Moyo wangu wa zamani, ule wa kunyamaza, ulitaka kumwambia njoo, mwanangu, njoo nyumbani. Nikaumeza.

"Kesho mna somo gani?" nikamuuliza.

"Kesho?" Akafikiri. "Karakana. Tunafungua pampu ya maji ya boila tuone ndani."

"Umewahi kuona ndani yake?"

"La."

"Basi ione kwanza. Ukishaiona, unipigie uniambie unakuja."

Hakupiga siku iliyofuata. Alipiga Jumamosi, na alizungumza dakika kumi na moja kuhusu pampu hiyo, beringi zake, mipira yake ya kuzuia maji yasivuje, jinsi fundi mmoja alivyoifunga kinyume ikarusha maji mpaka darini. Habari za kurudi hakuzitaja, nami sikumkumbusha.

Alimaliza miaka mitatu. Alirudi kila likizo, na mara nyingine alikuta mabadiliko. Ng'ombe mmoja aliuzwa. Mti mkubwa nyuma ya jiko uliangushwa na upepo. Jonah alipata mguu wa bandia, akauchukia kwa miezi mitano, akaukubali, na sasa ni karani wa kituo cha majani pale karibu nao; anapima chai za watu na kuwafokea wanaochanganya majani makavu. Madereva wa lori wanamwogopa, kwa kuwa anaijua kazi yao kuliko wao. Janeffer alimwomba binti yake msamaha kwa ile habari ya Kogo, siku moja walipokuwa wakichuna chai mstari mmoja, na siku hiyo Chepngeno hakunisimulia waliyosema. Ni yao.

Mwaka jana alipata nafasi mbili za kazi ya boila, mtambo unaochemsha maji yawe mvuke wa kukausha chai. Moja ilikuwa katika kiwanda kilicho karibu na kwao, angelala nyumbani kila siku. Nyingine ilikuwa huko Nandi. Alikuja kwangu, akaziweka barua zote mbili mezani.

"Wewe ungechagua ipi, Madam?"

"Mimi sikuchagulii. Niliwahi kukuchagulia kwa kunyamaza, ikatugharimu."

Akacheka. Akaniambia kwamba ile ya karibu ni nzuri, boila ni mpya, na siku moja huenda akaiomba. "Lakini nikiichukua sasa sitajua kama ni kazi nimeipenda ama ni woga umenishika mkono. Nitaanza na ile ya mbali, nijue."

Akaenda Nandi. Mwaka mzima alikuwa msaidizi wa fundi mmoja mzee, Kipkosgei, ambaye mwanzoni hakumwamini hata kumwachia ufunguo wa mlango. Alimfundisha kusoma kioo cha kupimia maji ya boila, kuusikiliza moto wa kuni, kujua kwa harufu tu kama kuni ni mbichi. Mwezi uliopita Kipkosgei alistaafu.

Jioni ya siku ya mwisho ya mzee huyo, simu yangu ililia.

"Madam, kuanzia kesho nashika zamu peke yangu. Boila yote. Wanaume sita chini yangu, wote wamenizidi umri."

"Unasikiaje?"

"Naogopa," akasema, bila kupunguza sauti. Zamani neno hilo alilisema kwa kunong'ona.

"Halafu?"

"Halafu nimepiga pasi ovaroli, na nimeandika kwenye karatasi kila valvu nitakayokagua, moja mpaka kumi na nane. Nitaingia nusu saa kabla yao."

Kesho yake saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi akanitumia picha ya daftari la zamu. Juu kabisa, kwa mwandiko wake ulionyooka, ameandika tarehe na kipimo cha mvuke. Chini yake, pale pa fundi mkuu wa zamu, ametia sahihi jina lake lote.